Mvua Ikinyesha, Kibao Hurudi

Machi 4

Daktari wa moyo amemwambia binti yangu kwamba nikifika mwisho wa masika nishukuru. Binti alitaka kunipa habari hiyo kwa kuizungusha. Nikamwambia, "Mwanangu, nipe maneno kama yalivyosemwa. Usinifupishie." Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini na miwili. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila neno la shahidi, na akikohoa niandike kwamba amekohoa. Najua kufupisha kunaweza kumfanyia mtu nini. Kuna jambo nililifupisha nyumbani mwangu, na nimeanza daftari hili ili nisife nalo. Leo sijapata moyo wa kuliandika.

Nieleze kwanza tunavyoishi. Mke wangu ni kiziwi, huu mwaka wa kumi na mmoja. Kusema anasema, na sauti yake haijaharibika, ila hasikii. Masikio yake ni mimi. Nina kibao cheusi cha shule, chaki, na kitambaa. Mtu akisema, naandika. Mke wangu akisoma, nafuta, naye anamjibu mtu kwa mdomo wake. Ndivyo tulivyopokea wageni, misiba, posa ya binti, ugomvi wa mpaka na jirani. Hakuna neno lililomfikia mke wangu kwa miaka hiyo bila kupita kwenye vidole vyangu.

Machi 6

Mvua ya kwanza. Juu ya bati utadhani mtu anamwaga karanga. Miguu imevimba, viatu vimegoma.

Machi 9

Binti yetu ni mwalimu wa hesabu, amechukua likizo aje kuniuguza. Leo ametoa kwenye mkoba kompyuta bapa, nyembamba kama sahani, akaisimamisha mezani mbele ya mama yake. Akasema, "Mama, shikamoo." Kwenye kioo yakatokea maneno kwa herufi kubwa: Mama, shikamoo.

Mke wangu aliyasoma. Akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena. "Marahaba," akasema polepole, si kwa binti, kwa kioo.

Wakati huohuo akaingia Fundi Saa, jirani yetu wa mlango wa pili, mjane, anayetengeneza saa barazani kwake na kunywa chai kwangu. Alipoelezwa alipiga makofi. "Karani, pole sana! Umeletewa mke mwenza, tena huyu hachoki wala hanuni!"

Mimi tayari nilikuwa na chaki mkononi. Nilikuwa naandika, kwa mazoea: Fundi anakupa pole. Kabla sijamaliza neno la tatu, mke wangu alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika meza. Kioo kilimpa sentensi nzima, pamoja na mke mwenza wake.

Nilifuta kibao kabla hajakiona.

Machi 10

Wamezungumza tangu chai ya asubuhi. Chaki iko mfukoni.

Machi 13

Leo mke wangu amekaa dirishani na kompyuta yake, anasoma mtaa. Ndivyo anavyosema mwenyewe: "Niache kidogo, nasoma mtaa." Mara akaruka. "Kumbe muuza mkaa bado anapita!"

"Anapita kila siku," nikasema, na kioo kikaandika.

"Mimi nilijua amekufa. Nilimwombea."

"Hajafa. Anapiga kelele palepale pa siku zote."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Karani," akasema, "ningeulizaje kitu nisichojua kama kipo?"

Sikudhani kelele ya muuza mkaa ni habari. Nikihesabu, nilimpa dunia ya maneno ishirini kwa kibao, nikadhani inatosha kwa sababu hakulalamika. Lakini atalalamikia nini mtu anayegawiwa chakula asichokiona sufuriani?

Machi 17

Mvua kubwa. Bati likapiga kelele mpaka kompyuta ikachanganyikiwa. Kila binti alipofungua mdomo kioo kilibaki kitupu, au kikatoa vipande vya maneno visivyo na kichwa wala miguu. Binti akaizima. Mke wangu akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi.

Kibao kikarudi. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa mahakamani: Binti anauliza kama upike au apike yeye.

Machi 18

Mvua.

Machi 19

Mvua. Mungu anisamehe, majirani wamefurikwa uani na mimi naomba izidi.

Machi 24

Jua. Fundi Saa alikuja na stuli yake kabisa, asikae kwenye kiti chetu kibovu. Mke wangu akamwambia, "Shemeji, nieleze kitu. Mwaka ule mkeo alipofariki, ulikuja hapa ukasema hupati usingizi. Mimi nikakupa majani ya kuchemsha. Yalikusaidia?"

Fundi akashangaa. "Majani? Aa, nakumbuka! Nilisema hivi, shemeji: marehemu alinigombeza miaka thelathini, hata usingizini alikuwa ananigombeza. Sasa chumba kimetulia, na mimi silali. Ukaniletea majani! Nikasema moyoni, huyu mama ana utani mkavu kuliko wangu."

Mke wangu alisoma mpaka mwisho. Kwanza alicheka, kisha machozi yakamtoka. Fundi naye akapangusa pua kwa kitambaa cha kufutia saa.

Nakumbuka nilichoandika siku ile. Niliandika: Fundi hapati usingizi. Hakuna uongo hapo. Wakili hawezi kunishika. Lakini nilimchuja yule mtu mpaka akabaki maji.

Alipoondoka mke wangu akasema, "Miaka yote nilimwona mtu mzito, anakuja kutulalamikia hali ya hewa. Kumbe ni mcheshi hivi?"

"Amekuwa mcheshi uzeeni," nikasema.

Kioo kiliandika na hayo pia. Ulikuwa uongo, na kwa mara ya kwanza niliuona umeandikwa, haufutiki.

Machi 26

Sijatoka kitandani. Wanacheka sebuleni.

Machi 30

Nyumba yenye kiziwi ina tabia yake: watu huzoea kusema mambo mbele yake. Sisi tumesema kila kitu mbele ya mke wangu: bei ya zawadi yake, ugonjwa wa dada yake kabla hatujaamua kumweleza, makosa ya mapishi yake. Ni kama kusema nyuma ya ukuta, ila ukuta wenyewe unakutazama na kutabasamu.

Leo binti alisema, "Baba, kuna hospitali ya masikio, wana vifaa vipya. Kwa nini mama asipimwe?"

Nikajibu kama tulivyozoea, yeye akiwa amekaa palepale anashona kifungo: "Mwache mama yako. Usimtie tamaa. Huyo hatasikia tena."

Sindano ikasimama. Kompyuta ilikuwa pembeni ya kikapu cha nyuzi, na ilikuwa macho.

"Nani hatasikia tena?" mke wangu akauliza.

Binti akaangalia chini. Mimi nikaanza kukohoa. Kikohozi kilikuwa cha kweli, lakini nilikitumia.

"Nimekuuliza, Karani. Ni mimi? Nani kakwambia?"

"Daktari wa zamani."

"Nitakwenda kupimwa," akasema, akakata uzi kwa meno. "Niambiwe mwenyewe."

Aprili 2

Binti amepata nafasi tarehe ishirini na mbili. Ni hospitali ileile ya yule daktari wa zamani. Wamemwambia kwa simu kwamba jalada la zamani la mama lipo, watalitoa. Mimi ni mtu wa majalada. Najua karatasi haina huruma, hukaa kabatini ikimsubiri mwenyewe. Basi leo naandika.

Kabla ya kuwa kiziwi mke wangu alikuwa mwendesha simu. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na waya, vipokeo masikioni, akiunganisha mji mzima. "Namba, tafadhali." Wanaume walipiga simu wasikie hayo tu. Hata mimi nilimpata hivyo: nilikuwa napiga kutoka mahakamani naomba ofisi ambazo hazipo, naye anatafuta kwa subira, mpaka siku moja akasema, "Karani, ofisi unayoitafuta inatoka kazini saa kumi." Nikaenda saa tisa na nusu.

Nilimuoa, lakini sauti yake haikuwa yangu peke yangu. Kila siku, saa nane kwa siku, ilikuwa masikioni mwa wengine. Wafanyabiashara walimtumia matunda. Nahodha mmoja alimtumia saa. Yeye alicheka, akanionyesha kila kitu, hakunificha. Mimi nilitabasamu na kuungua. Miaka ishirini na sita niliungua nikiwa nimetabasamu. Hakuna aliyejua. Watu walisema Karani ni mtu mpole.

Kisha masikio yakaanza kumchoka. Akaacha kazi. Simu zikaisha, matunda yakaisha. Nikaenda naye hospitali, nimebeba kibao, kwa kuwa wakati huo alikuwa hapati ila mvumo. Daktari wa masikio alikuwa kijana mwenye haraka. Alinitazama mimi, akasema maneno haya, nayanukuu kama yalivyo kwa sababu sijawahi kuyasahau hata siku moja: "Masikio yake hayajafa. Kuna kifaa kidogo cha kuvaa, kitamsaidia sana. Ila asikawie. Sikio lisipotumika husahau maneno."

Nikaandika kwenye kibao: Hakuna dawa. Tuzoee.

Alisoma. Akatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Basi, daktari. Asante." Machozi yakamdondokea kwenye kibao, chaki ikalowa.

Daktari akaniuliza, "Anakubali?" Nikasema, "Hataki. Anaogopa kuvaa vyuma masikioni." Akaandika kwenye jalada, nikaliona kwa macho yangu: Mgonjwa amekataa, ameeleza kupitia mumewe.

Binti alikuwa masomoni mbali. Nilimwandikia barua kwamba hakuna dawa.

Tukatoka. Njiani mke wangu akanishika mkono, akanishika kweli, kama mtu anayevuka mto, na hakuuachia kwa miaka kumi na moja. Hayo ndiyo niliyoyapata. Sitasema sikufurahi. Nilifurahi kila siku.

Aprili 8

Kompyuta hii hula umeme kwa waya mweupe. Nimeuficha chini ya godoro langu. Mzee wa miaka sabini na tisa, mwenye cheti cha sheria, amelalia waya.

Aprili 9

Wameutafuta tangu asubuhi. Fundi Saa ameingia hadi chini ya meza. "Karani, nyumba yako ina panya aliyesoma," akasema. Kioo kimezimika. Nikaletewa kibao.

Nilikuwa nimeisubiri saa hii. Fundi akasema, "Mwambie shemeji, bila hiyo kompyuta mimi ni saa isiyo na mishale, nalia tiki tiki lakini hakuna anayejua ni saa ngapi." Safari hii niliandika yote, neno kwa neno, pamoja na tiki tiki. Kibao kikajaa mpaka pembeni.

Mke wangu alisoma. Hakucheka. Akamtazama Fundi usoni, akanitazama mimi.

"Ndivyo alivyosema?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Yote?"

Nikatikisa tena.

Akanyanyuka, akachukua kibao, akamwonyesha Fundi. "Shemeji, soma. Ni wewe huyu?"

Fundi akasoma, akaonyesha kidole gumba. Ndipo mke wangu akacheka, nusu ya kicheko, kilichokuja kimechelewa na kimekaguliwa.

Miaka kumi na moja nilimwandikia vipande, akaniamini. Leo nimemwandikia kweli kamili, imehitaji shahidi.

Aprili 10

Nimeutoa waya, nimeuweka nyuma ya kabati la vyombo. Mke wangu ndiye aliyeuona. "Waya huu una miguu," akasema, hakutaja jina la mtu yeyote. Ila alipokuja kunitandikia kitanda mchana aligeuza godoro upande wa pili, akalipiga kwa kiganja, mara moja tu.

Aprili 15

Nilijiandaa kumwambia. Nikamwita. Mvua ikashuka. Nikamwambia kwa kibao: Nataka maji. Akaniletea.

Aprili 17

Pumzi fupi. Binti amenilaza kwa mito mitatu. Siku tano zimebaki. Ningependa kufa kabla ya hapo, na nimegundua kwamba hata hilo ni kufupisha.

Aprili 19

Mbingu nyeupe, kavu, hakuna hata tone. Binti alikuwa ametoka. Mke wangu alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikajikokota hadi mezani, nikavuta kompyuta katikati yetu. Kibao nilikiacha kitandani. Ningekishika ningefuta.

Nikasema. Nilimwambia habari ya daktari kijana, ya kifaa, ya maneno yale. Nilimwambia nilichoandika na nilichojibu. Herufi zilitoka moja moja, kwa upole, bila kunionea aibu. Nilipofika pale pa "Hataki, anaogopa kuvaa vyuma," mkono wangu ulichukua kitambaa peke yake, ukapangusa kioo. Nilipangusa kwa nguvu. Vumbi lilitoka. Maneno yakabaki, tena safi zaidi.

Mke wangu aliutazama mkono huo hadi ukaacha. Kisha akasoma tangu juu, akifuatisha kwa kidole, kama anatafuta jiwe kwenye maharage. Akasoma mara ya pili.

"Miaka kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wivu."

"Wivu wa nani?"

"Wa kila mtu. Wa nahodha, wa wateja wako wa simu, wa Fundi. Wa hiki kioo."

"Kiziwi hana wateja wa simu, Karani."

"Ndiyo maana," nikasema.

Maneno hayo mawili yalitokea peke yao chini ya kioo. Aliyasoma. Kisha akailaza kompyuta kifudifudi juu ya meza, akabeba ungo wake, akaenda kuchambua barazani kwa Fundi Saa. Kupitia dirisha niliwaona wamekaa, hana kompyuta, hana kibao, na Fundi hasemi kitu. Alikuwa anamsaidia kuokota mawe.

Aprili 20

Chai imeletwa na binti. Macho yake mekundu. Ameambiwa. "Baba, ile barua yako bado ninayo," akasema, akatoka.

Aprili 21

Mke wangu hajaniambia neno. Ninaijua sasa nyumba isiyo na sauti. Mimi mwenye masikio mazima nasikia bakuli, ufagio, maji, na hakuna kinachosemwa kwangu.

Aprili 22

Wamekwenda bila mimi. Fundi Saa amekaa nami.

"Umenitia maji, Karani," akasema, akizungusha kisaa kidogo mkononi. "Miaka kumi na moja nimechekesha ubao."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Mimi ni mtu wa kurekebisha mwendo. Saa iliyokuwa nyuma dakika kumi naijua. Iliyokuwa nyuma miaka kumi na moja sijawahi kuletewa." Hata hivyo aliniwekea mto vizuri.

Aprili 23

Binti amenipa majibu neno kwa neno, bila kuombwa. Sikio la kulia limekwisha. La kushoto lina uhai kidogo. Atavaa kifaa, atapata sauti, lakini maneno mengi yatakuwa yamevunjika, na itabidi ajifunze upya kama mtoto. Daktari alimwonyesha jalada. Alisoma ule mstari mwenyewe. Akaomba kalamu. Chini yake akaandika: Mgonjwa hakuulizwa. Akatia sahihi.

Mei 1

Mvua za vipindi. Sijaweza kushika kalamu siku kadhaa.

Mei 6

Leo wamemvalisha kifaa. Amerudi saa tisa, amesimama mlangoni mwa chumba changu. Kiko nyuma ya sikio la kushoto, kidogo kuliko haragwe. Nilidhani atapita. Akaingia, akavuta stuli, akaketi, sikio hilo akalielekeza kinywani kwangu. Kompyuta alikuwa ameizima. Niliona kioo cheusi mkononi mwake.

"Sema," akasema.

"Niseme nini?"

Akatikisa kichwa, hakupata. Nikarudia kwa nguvu niliyonayo.

"Yale ya daktari. Siku ile. Yote, kama mahakamani."

Nikasema. "Masikio yake hayajafa. Kuna kifaa kidogo cha kuvaa, kitamsaidia sana. Ila asikawie. Sikio lisipotumika husahau maneno."

Alikuwa amefumba macho, kama zamani mbele ya ule ubao wa simu, laini ilipokuwa mbaya.

"Nimepata 'masikio.' Nimepata 'kidogo,'" akasema. "Sauti yako imezeeka, Karani. Tena."

Nikasema tena. Akapata "kitamsaidia." Mara ya tatu akapata "asikawie," na uso wake ukabadilika. Nilitaka kumshika mkono. Akauweka mapajani mwake. Mara ya nne pumzi ilinikatikia katikati, akangoja. Hakunisaidia kumaliza wala hakuniambia niache.

Nilipokuwa navuta hewa kwa mara ya tano, akainua kichwa ghafla, akatazama juu. Sikuelewa. Halafu nikasikia na mimi: matone ya kwanza juu ya bati, mbali, upande wa jikoni. Aliyasikia kabla yangu.

Yakazidi, yakajaa nyumba nzima. Alikaa mdomo wazi, anaisikiliza mvua kama mtu anayesomewa barua ya mtu wake wa siku nyingi. Kibao kilikuwa palepale kando ya mto wangu, na chaki yake. Alikiona. Hakunipa.

"Ipite kwanza," akasema. "Halafu utasema tena."

Amekaa hapa hapa ninapoandika, mikono mapajani, anangoja. Masika yote haya nimeomba mvua. Sasa pumzi iliyobaki ni ya sentensi moja au mbili, na naomba mvua ikatike.